Tanzanaiti kwenye pete ya kila siku
Dada, umeuliza kama tanzanaiti inafaa kwa pete ya uchumba utakayovaa kila siku hapa Kampala. Ni jiwe zuri mno, nalo huchimbwa Mererani, Tanzania, pekee duniani, lakini ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, ni kati ya 6 na 7, ilhali vumbi letu limejaa chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, kwa hiyo kila unapoifuta pete kwa kitambaa kikavu unalikwaruza jiwe. Mimi ningeiweka kwenye hereni au kidani, na kwenye pete ningechagua yakuti samawi, yenye ugumu wa 9. Ukiipenda hata hivyo, mwombe sonara alizungushie jiwe ukingo wa dhahabu, nawe uioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini.