Utrasaundi ya emajensi imesema safi, jioni mtu yuko tiata. Inakuwaje?

Pole sana mkuu kwa mdogo wako. Umeuliza inakuwaje apate ajali ya boda, dokta ampime na utrasaundi pale pale kitandani aseme tumboni hakuna damu, halafu jioni anapasuliwa bandama imechanika. Mi nipo emajensi ya hospitali ya mkoa na hii kitu inatokea, si lazima mtu awe alizembea.

Kile kipimo tunakiita FAST, na kinatafuta kitu kimoja tu, majimaji mahali yasipotakiwa kuwepo. Bandama yenyewe imechanika au la hakikuambii vizuri. Unapaka jeli unaangalia ubavu wa kulia kati ya ini na figo, kushoto kwenye bandama, chini nyuma ya kibofu, halafu chini ya chembe uone moyo, siku hizi na mapafu tunaongeza. Dakika chache umemaliza na dripu inaendelea. Damu mbichi inatoka nyeusi kwenye skrini, ukiona ule mstari mweusi kati ya ini na figo na presha imeshuka hapo hakuna tena stori za siti skani, unampigia simu daktari wa upasuaji.

Sasa damu mpaka ifike kama mililita 200 na zaidi ndo inaanza kuonekana, na bandama inaweza kuvuja pole pole au damu ikabanwa kwanza ndani ya ganda lake, so saa moja ya mwanzo unaona safi kabisa. Ikivujia huko nyuma kwenye figo au nyonga ikiwa imevunjika ndo usahau, hii mashine haioni.

Na mkono wa mpimaji nao una mambo yake. Kulia wengi wanaangalia katikati wanaridhika, wakati damu kidogo inaanzia kwenye ncha ya chini ya ini. Kushoto inabidi ushuke nyuma mpaka vifundo vya vidole viguse godoro, la sivyo unaona gesi tu. Nesi naye akiwahi kuweka mpira wa mkojo kibofu kinasinyaa, hapo chini huoni kitu, ndo maana huwa naomba asubiri kidogo kama hali inaruhusu.

Kwa hiyo swali la kuwauliza si kwa nini walisema safi, waulize walirudia saa ngapi. Mapigo yakianza kupanda au tumbo likikaza unarudia hapo hapo, na hata akitulia unarudia tu. Kama jioni walirudia wakaona wakamkimbiza tiata, hapo kipimo kimefanya kazi yake.

Halafu mkuu, kama bandama imetolewa yote ulizia chanjo kabla hajaruhusiwa, ya nimonia na ya homa ya uti wa mgongo, na akipata homa yoyote huko mbele asikae nayo nyumbani anameza panadol, aende hospitali siku hiyo hiyo.