Anamkaba lakini hana jeraha: niliyoyaona kwenye kesi za wanandoa kuuana

Mleta uzi, nimesoma maelezo yako mara mbili. Shemeji yako anashika kadi ya benki ya mkewe, yaani dada yako, anakagua simu yake kila jioni, amemzuia kwenda kwa mama yenu, na mwezi uliopita alimkaba shingo mpaka akaona giza. Mlipokwenda kituoni mkaulizwa jeraha liko wapi. Sasa unauliza kama sheria inasubiri mpaka afe, na mchangiaji mmoja hapo juu kakujibu kwamba hata akifa, jamaa atasema alipandwa na hasira, atafungwa kidogo na kutoka.

Mimi siyo wakili. Ni msaidizi wa kisheria kwenye kata moja huku Kanda ya Ziwa. Nimesindikiza wanawake polisi na kwenye mabaraza, na kesi kadhaa za mauaji nimezifuatilia tangu zikiwa zinatajwa mpaka hukumu. Nianze na hilo la hasira, maana lina ukweli nusu.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, vifungu vya 201 na 202, inasema aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla kabla hajapata muda wa kupoa, baada ya kutendewa jambo ambalo lingemfanya mtu wa kawaida wa jamii yake ashindwe kujizuia, anahesabiwa kuwa ameua bila kukusudia. Kwa mauaji ya kukusudia adhabu ni moja tu, kunyongwa hadi kufa, ingawa nchi hii haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990. Kwa kuua bila kukusudia jaji ana uwanja mpana, kuanzia miaka michache hadi kifungo cha maisha. Ndiyo maana wanaume wengi niliowaona kizimbani walikuja na simulizi moja: nilirudi, nikakuta meseji, nikamuuliza, akanijibu vibaya, kilichofuata sikijui. Mtu pekee ambaye angeweza kumbishia ameshazikwa.

Ila majaji hawalimezi simulizi hilo hivi hivi. Kuna uamuzi wa Mahakama ya Rufani, Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, ambao utausikia ukitajwa kwenye hukumu nyingi sana za mauaji. Unasema muuaji kwa kawaida hatangazi nia yake, kwa hiyo nia itafutwe kwenye silaha aliyotumia, nguvu, sehemu ya mwili aliyopiga, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyoyatamka, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Yule mfanyabiashara wa Gezaulole, Kigamboni, aliyeuchoma mwili wa mkewe kwa mkaa mwaka 2019, alihukumiwa kunyongwa mwanzoni mwa 2025. Pale mwenendo wa baada ya kifo ulikuwa unajieleza wenyewe. Angalia pia hiyo miaka, karibu sita ya kusubiri.

Shida iko kwenye maneno na mwenendo wa kabla. Hivyo haviingii mahakamani vyenyewe, lazima mtu avilete. Nimekaa kwenye kesi ambayo nje, chini ya mwembe, majirani walisimulia kila kitu: alimfungia ndani, alimnyima hela ya kliniki, alisema mbele za watu "nitakuua na hakuna atakayeniuliza". Walipoitwa ndani, mmoja akasema walikuwa wanaishi vizuri, ugomvi wa kawaida tu. Mwingine alishapokea mbuzi kutoka ukoo wa mume. Mjumbe alikiri kuwasuluhisha, lakini hakuandika popote. Namba ya RB, ile ya taarifa iliyoandikishwa polisi, haikuwepo hata moja. Jaji atahukumu kwa lipi? Akabaki na usiku mmoja na msimulizi mmoja, na ikaishia kuwa kuua bila kukusudia.

Na kipengele hiki cha ghafla kinawaumiza wanawake upande wa pili. Mwanamke aliyepigwa miaka kumi mara nyingi hawezi kushindana na mume akiwa macho. Anasubiri alale. Kwa macho ya sheria huko ni kupanga, siyo ghadhabu. Uingereza walikutana na hili kwenye kesi ya Sally Challen, aliyemuua mumewe mwaka 2010. Hukumu yake ya mauaji ilitenguliwa Februari 2019, baada ya mahakama kupokea ushahidi mpya kuhusu hali yake ya akili na miaka ya kutawaliwa na mumewe. Juni mwaka huo upande wa mashtaka ukakubali kosa dogo la kuua bila kukusudia.

Wenzetu hao, tangu Desemba 2015, wamelifanya hilo la kumtawala mwenza (kumkagua, kumtenga na ndugu, kumnyima fedha) kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5. Kenya mwaka huohuo walitunga sheria ya kuzuia ukatili wa nyumbani, inayogusa hata ukatili wa kiuchumi na kisaikolojia, na mtu anaweza kuomba amri ya ulinzi. Sisi Tanzania Bara hatuna sheria mahususi ya namna hiyo. Tunayo Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Inairuhusu pia mahakama kumzuia mume asimsumbue mke, lakini kukiwa na shauri la ndoa. Kwa hiyo anayetaka ulinzi anaambiwa kwanza adai talaka au kutengana.

Sasa dada yako. Kukabwa shingo msikuchukulie kama kofi. Watafiti wa mauaji ya wenza wanakuhesabu miongoni mwa dalili mbaya kabisa, hata kusipoacha alama. Arudi kituoni, dawati la jinsia na watoto, siyo kaunta ya mbele. Aseme "alinikaba shingo mpaka nikaona giza", asiseme "tuligombana". Achukue RB, achukue PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), na kama ana sauti ya kukwaruza au maumivu ya kumeza amwambie daktari, viandikwe. Kama mkoani kwenu kuna kituo cha mkono kwa mkono hospitalini, ni bora zaidi, maana polisi, daktari na ustawi wa jamii wako pamoja. Meseji za vitisho azirushe kwenye simu yako kisha azifute kwake. Mjumbe akisuluhisha, aandike na asaini. Ukweli mchungu ni kwamba karatasi hizi zinaweza kumsemea hata akiwa hayupo, kwa sababu Sheria ya Ushahidi inaruhusu maelezo ya marehemu kuhusu kilichosababisha kifo chake.

Wale mliomshauri aitishe kikao cha ukoo amtangazie mume kuwa anaondoka, naomba mfute. Wakati wa kuondoka na majuma yanayofuata ndiyo hatari kuliko yote. Hata baraza la usuluhishi wa ndoa lina tatizo hilo, kwa sababu linamwita mume kwa barua. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinadai shauri la talaka lipite barazani kwanza, lakini kinaruhusu mahakama kuliruka pakiwa na mazingira yasiyo ya kawaida. Ombeni hivyo, mkiwa na RB na PF3 mkononi. Makarani wengine watakataa na kudai Fomu Namba 3, ile hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana. Msibishane nao dirishani, ombeni kumwona hakimu.

Siku ya kuondoka achague mume akiwa kazini. Abebe cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, kadi za kliniki na kitambulisho cha NIDA, abadili laini ya simu, na asiende kwa mama yenu, maana huko ndiko atakakotafutwa kwanza.