Kuendesha Kampeni ya Vita vya Msituni kwa Wachezaji Walio Mbali: Njia ya Kokoda Mezani

Mtu anayetaka kuendesha kampeni ya vita vya mezani, yaani mfululizo wa mapambano yanayochezwa kwa sanamu ndogo za askari juu ya meza, na wachezaji waliotawanyika katika miji tofauti kwa kawaida huanza kwa kuhangaikia kamera. Hutafuta namna ya kuitundika juu ya meza ili kila mchezaji aone kila sanamu, kila mti na kila kilima kana kwamba ameketi papo hapo. Kwa vita vya jangwani au vya nyika hangaiko hilo lina maana. Kwa vita vya msituni, hasa vile vilivyopiganwa kati ya Wajapani na mahasimu wao katika visiwa vya Pasifiki kuanzia mwaka 1942, ushauri wangu ni kinyume chake: mchezaji wa mbali aachwe asione. Kamanda wa Papua, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha New Guinea, hakuona zaidi ya hatua chache mbele ya askari wake, na mara nyingi hakujua kombania yake nyingine, kikosi cha askari mia moja hivi, iko wapi. Mchezaji aliye mbali na meza tayari yuko katika hali hiyo bila kulazimishwa, na kazi ya mwamuzi, anayeusimamia mchezo, ni kuitumia hali hiyo badala ya kupigana nayo.

Kampeni ninayoieleza hapa ni ile ya Njia ya Kokoda, ambayo kundi letu limeichezea kwa sanamu za milimita 28 huku mezani akiwapo mwamuzi peke yake. Wajapani walitua pwani ya kaskazini ya Papua, karibu na Gona, tarehe 21 Julai 1942, wakakusudia kuvuka milima ya Owen Stanley na kuiteka Port Moresby upande wa kusini. Kati ya kijiji cha Kokoda na Owers' Corner, upande wa Port Moresby, kulikuwa na njia ya miguu ya takriban kilomita 96, ikipanda na kushuka katika msitu wa mvua, na vikosi vya Australia vilivyowazuia, kikiwemo kikosi cha 39 kilichojaa vijana wa akiba, vilirudi nyuma kijiji baada ya kijiji hadi katikati ya Septemba. Uzuri wa vita hivi kwa mwamuzi ni kwamba ramani yake karibu yote ni mstari mmoja. Unaandika Kokoda, Deniki, Isurava, Alola, Templeton's Crossing, Myola, Efogi, Menari, Nauro, Ioribaiwa na Owers' Corner, unachora vijia vichache vya pembeni ambavyo Wajapani walivitumia kuzunguka ubavuni, na kampeni yako ina uwanja. Sikushauri uanze na ramani ya kisiwa kizima.

Wapo watakaouliza kwa nini tusicheze Burma, ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana na Wajapani hao hao. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw katika mvua za 1944 na kufika Kalewa mwezi Desemba. Swali ni la haki, na hamu ya vita hivyo kwa wengi wetu inatokana na simulizi za wazee waliokwenda huko. Hata hivyo Burma ina majeshi makubwa, magari, mito mikubwa na ndege nyingi, na mwamuzi anayeanza atazama katika hesabu kabla ya pambano la kwanza. Kokoda ni vita vya kombania na platuni, vikosi vidogo vya ndani ya kombania, zinazotembea kwa miguu, na ukubwa huo unaenea mezani.

Kampeni iwe na ngazi mbili. Juu iko ramani, ambayo mwamuzi peke yake anayo kamili, na kila mchezaji anapewa nakala inayoonyesha tu vile kamanda wake anavyovijua. Chini iko meza, inayotandikwa pale tu vikosi viwili vinapokutana. Maagizo ya ramani yaandikwe na kutumwa kwa mwamuzi faraghani, kwa WhatsApp au kwa barua pepe, na mwamuzi asiyatekeleze papo hapo. Hili ndilo jambo ambalo wachezaji wapya hulipinga zaidi, nami sijawahi kulilegeza. Agizo lisafiri kwa mwendo wa mjumbe wa miguu. Likitoka Myola kwenda Isurava litumie siku ya mchezo, na mwamuzi arushe dadu kuamua kama limefika, limechelewa au limefika likiwa limeeleweka vibaya. Simu za waya ziruhusiwe penye kituo, lakini nazo zikatike.

Anayedhani kanuni hiyo ni ya kuwaonea wachezaji aangalie yaliyotokea Guadalcanal, katika visiwa vya Solomon, mwezi Oktoba mwaka huo huo. Jenerali Maruyama wa Japani alikuwa akiipitisha divisheni yake msituni ili aushambulie kutoka kusini uwanja wa ndege wa Henderson Field, uliokuwa mikononi mwa Wamarekani, na mvua, matope na ugumu wa njia vikamlazimu kuahirisha shambulio mpaka usiku wa tarehe 24. Habari ya kuahirishwa haikumfikia mwenzake, Jenerali Sumiyoshi, aliyekuwa upande wa mto Matanikau, naye jioni ya tarehe 23 akatuma vifaru tisa na askari wa miguu kama ilivyopangwa awali, vifaru vyote vikateketezwa. Mashambulio mawili yaliyokusudiwa kuwa moja yakapigwa kwa zamu. Mwamuzi akimfanyia mchezaji jambo kama hilo atalaumiwa kwa ukatili, lakini historia ilikwisha kulifanya bila dadu.

Sasa meza. Msitu usijengwe kwa miti iliyosimama mmoja mmoja, kwa sababu kamera itapenya katikati yake na siri yote itakwisha. Mimi hutumia usumba wa makumbi ya nazi uliochambuliwa na kutiwa rangi ya kijani katika vivuli viwili vitatu, nikaubandika juu ya vipande vya ubao pamoja na majani ya maua ya plastiki yaliyokatwa vidogo, na kati ya vipande hivyo huacha ujia mwembamba unaotosha sanamu mbili kupita sambamba. Usumba una sifa ambayo vifaa vya dukani havina: ukitazamwa kutoka juu unaonekana kama vichaka vya kawaida, lakini ukiiteremsha kamera hadi usawa wa macho ya sanamu unageuka ukuta.

Kamera kuu, ambayo kwetu ni simu tu, haikai juu ya meza. Mwamuzi huishika au huisimamisha nyuma ya sanamu zinazohusika, na mchezaji huonyeshwa kile ambacho askari wake wanakiona, kisha picha huzimwa wakati wa zamu ya adui. Simu ya pili huelekezwa daima kwenye sahani ya dadu, ambazo mwamuzi huzirusha kwa niaba ya wote, na hilo huondoa maneno yote ya kutoaminiana. Vikosi ambavyo havijaonekana haviwekwi mezani kabisa. Hubaki kwenye karatasi ya mwamuzi, na baadhi ya alama za vikosi wanazosogeza wachezaji ziwe ni za uongo, hazina mtu ndani yake.

Katika mojawapo ya mapambano yetu ya Isurava, mchezaji wa Australia, aliyekuwa chumbani kwake Mombasa, aliona kwenye kioo chake mgongo wa askari mwenye Bren, aina ya bunduki nyepesi ya rashasha, mtutu wa bunduki hiyo, na usumba uliojaza sehemu nyingine yote ya picha. Nikamwambia kwamba tawi limevunjika upande wa kulia, juu kidogo ya kijito. Akifyatua angeonyesha mahali ilipo bunduki yake kubwa. Akinyamaza huenda angezungukwa. Alikaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba tulisikia feni ya chumba chake ikizunguka, kisha akaamuru seksheni moja, kundi la askari kumi hivi, irudi nyuma hadi kwenye kingo ya njia. Upande ule walikuwapo wapelelezi watatu tu, na mwenzetu wa Muscat aliyekuwa akiwaongoza Wajapani hakujua kwamba amepata nafasi hiyo bure mpaka pambano lililofuata. Mchezo wa ana kwa ana usingeweza kutoa saa kama ile, kwa kuwa mmoja wao angeinuka kitini na kuchungulia.

Jambo la chakula ndilo nitakalolikalia zaidi, kwa sababu ndilo lililoamua vita vyenyewe na ndilo ambalo kampeni nyingi hulipuuza. Bert Kienzle, mwenye shamba aliyepewa kazi ya kusimamia wapagazi upande wa Australia, alipiga hesabu iliyo rahisi na ya kutisha: mpagazi anayebeba chakula peke yake hula mzigo wake wote kwa siku 13, na akimlisha na askari mmoja, mzigo huo ni wa siku sita na nusu kwa wote wawili. Safari ya kufika Kokoda kwa mzigo ilichukua takriban siku nane. Maana yake ni kwamba jeshi lisingeweza kulishwa kwa migongo ya watu tu, na ndiyo sababu mwanzoni mwa Agosti Kienzle alikwenda kutafuta bonde la Myola, ziwa kavu ambalo ndege zingeweza kudondosha mizigo. Mizigo mingi ilitupwa bila miavuli, mingine ikapasuka, mingine ikamezwa na msitu. Brigedia Potts wa Australia alipofika huko na vikosi vyake alitarajia kukuta posho 40,000, akakuta kama 8,000.

Igeuze hesabu hiyo kuwa kanuni. Sisi huipa kila kombania alama za posho, na kila siku ya mchezo alama moja huliwa, ipigane au isipigane. Kila hatua ya kwenda mbele zaidi ya kituo cha posho hugharimu alama ya ziada, ambayo ni chakula cha wapagazi wenyewe. Mchezaji wa Australia anaweza kuomba ndege, na mwamuzi hurusha dadu mara mbili, mara ya kwanza kujua kama mawingu yameiruhusu kupita, mara ya pili kujua ni sehemu gani ya mzigo imeokotwa. Matokeo asiambiwe siku hiyo hiyo. Kombania iliyokosa posho isife wala isitoweke, bali ipoteze dadu za mapambano na ianze kuacha wagonjwa njiani, kwani malaria na kuhara viliwapunguza askari wa pande zote mbili kuliko risasi zilivyofanya katika siku nyingi. Kwa upande wa Jenerali Horii, kamanda wa Wajapani, kanuni iwe kali zaidi kadiri anavyosonga kusini, kwa kuwa kila kijiji anachokiteka kinaurefusha mstari wake na kuufupisha wa adui. Mchezaji wa Wajapani akishinda kila pambano na bado akafika Ioribaiwa na njaa, kanuni yako imekaa sawa.

Wapagazi wa Kipapua wasiwe tarakimu kwenye karatasi. Wengi wao waliandikishwa bila hiari, wakabeba mizigo kwenda mbele na majeruhi kurudi nyuma, na wakiugua au kutoroka kampeni yote husimama. Msomaji ambaye ukoo wake unakumbuka wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 katika nchi zetu, ambao makumi ya maelfu yao walikufa zaidi kwa maradhi na uchovu, hahitaji kuelezwa kwa nini. Kwetu wana sanamu zao, wana kiwango chao cha uchovu, na kamanda anayewachosha hupoteza alama za ushindi.

Kuhusu sanamu nitasema machache. Askari wa kikosi cha 39 wapakwe rangi ya kaki, si ya kijani, kwa kuwa nguo za kijani za msituni zilikuja baadaye. Wajapani wapewe mizinga yao myepesi ya milimani, waliyoikokota na kuibeba katika njia ile ile, maana Waaustralia wa Isurava hawakuwa na kitu cha kuijibu. Bunduki ndogo aina ya Owen isionekane kabisa mwezi Agosti, hata kama sanamu zako zilikuja nazo kwenye boksi. Kamera ya simu hupunguza rangi, kwa hiyo visigino vya sanamu vipakwe mstari mwembamba wa rangi angavu ili mchezaji aitambue seksheni yake.

Saa za kucheza ziandikwe bila utata. Saa tatu usiku ya Mombasa ni saa nne usiku Muscat, na kwa mwenzetu wa Toronto, wakati wa kiangazi cha huko, ni saa nane mchana; lakini anayeishi ughaibuni akiandikiwa “saa 3” peke yake ataisoma kwa saa za huko, kwa hiyo tumekubaliana kuandika 21:00 na jina la mji. Kila mwisho wa zamu mwamuzi apige picha za meza na kuzihifadhi, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya pambano picha hizo ndizo ushahidi pekee, na mchezo unaweza kuendelea kwa sauti na maandishi mpaka mtandao urudi.

Ushindi usipimwe kwa idadi ya sanamu zilizoondolewa mezani. Mwaustralia ahesabiwe siku alizomchelewesha adui na kombania alizozirudisha zikiwa bado zinaweza kupigana. Mjapani ahesabiwe umbali, akiondolewa alama kwa kila siku ya njaa. Baada ya Ioribaiwa mwamuzi ana haki ya kutoa agizo ambalo hakuna mchezaji aliyelitarajia, kwamba jeshi lirudi pwani, kwa kuwa Horii aliamriwa hivyo kutokana na mambo yalivyokwenda vibaya Guadalcanal, mbali kabisa na ramani yenu. Wachezaji wa Wajapani hukasirika, kisha hugundua kwamba kurudi nyuma kwa utaratibu huku Waaustralia wakiwafuata ni nusu ya kampeni iliyo bora zaidi. Sisi hufunga tarehe 2 Novemba, Kokoda inaporudi mikononi mwa Waaustralia. Buna na Gona, huko pwani ya kaskazini, zenye mahandaki ya magogo ya minazi na mashambulio ya wiki nyingi katika kinamasi, zinataka meza nyingine, kanuni nyingine za mizinga na vifaru, na wachezaji waliokwisha kupumzika.