Kitabu kichakavu cha Little Man

SWALI: Bi. Mwalimu, shikamoo. Hapa Likoni nasomesha watoto wa miaka 12 riwaya ya Mildred D. Taylor, Roll of Thunder, Hear My Cry. Mzazi mmoja ateta: dhuluma za Marekani zawahusu nini wanetu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiiache! Riwaya hiyo ya mwaka 1976 yasimulia Mississippi ya 1933, na sura ya kwanza pekee yatosha wiki nzima. Little Man, mtoto wa miaka sita, apewa kitabu cha shule kilichochakaa. Ndani ya jalada aona orodha: watoto wa Kizungu walikitumia miaka mingi, na kilipokwisha kuharibika ndipo kikapewa Weusi. Akitupa chini, akikanyaga. Mwalimu amchapa, na mwalimu mwenyewe ni Mweusi. Hapo mimi hufunga kitabu nikawauliza watoto: kwa nini amchape? Wape muda, wasikimbizwe. Kisha wasomee mama yake alivyobandika karatasi kuifunika orodha ile.

Huyo mzazi mwalike darasani. Enzi za Mwingereza shule zetu nazo zilitengwa: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Mombasa wangalipo wazee waliosoma humo. Mlete mmoja aulizwe maswali.

Matusi ya rangi yaliyomo yaeleze kabla ya kuyasoma. Na habari ya akina Berry, Weusi wa riwayani waliochomwa moto na Wazungu, isome asubuhi, mpate nafasi ya kuzungumza kabla watoto hawajarudi makwao.