Jibu la kwanza ndilo linalombakiza mwanagenzi

Katika kundi la Telegram ninalolisimamia la wanagenzi wa programu hapa Mombasa, kuna swali lisilokwisha. Mtu ameunganisha duka lake la mtandaoni na M-Pesa kupitia Daraja, huduma ya Safaricom inayowezesha programu kuwasiliana na M-Pesa, anajaribu kumtumia mteja ombi la kulipa, na ombi linakataliwa. Aliyezoea huona kosa papo hapo: namba ya simu imeandikwa kwa 07. Daraja huitaka ianze na 254, bila sifuri na bila alama ya kujumlisha. Ni jibu la sentensi moja. Na kosa lenyewe lina sababu, maana ni nani kati yetu humpa mwenzake namba yake kwa 254?

Sasa tazama majibu ambayo swali hilo hupata watu wakiachiwa. "Hata hili hujui?" "Kasome maelezo kwanza." "Programu hazikufai, nenda kakaange viazi karai." Halafu vicheko vinafuatana. (Kukaanga viazi karai ni kazi ya halali iliyosomesha watoto wengi mjini humu; aliyesema hivyo amewatukana watu wawili kwa mpigo.) Aliyeuliza hajibu kitu, na baada ya siku chache ametoka kundini. Wasichana hutoka mapema zaidi. Wengine hunifuata faraghani kuuliza kile ambacho wangeuliza mbele ya wote, na hapo wenzao wote wamelikosa jibu.

Enyi wenye ujuzi, ninachowaomba ni hiki: jibu la kwanza liwe la kazi. Likitangulia jibu lenye msaada, mwenye kejeli hukosa pa kuingilia. Ikitangulia dhihaka, hata watu wema hunyamaza wakiogopa kuchekwa nao. Kwa hiyo ukilijua jibu, liandike mara moja, hata kama ni fupi.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Anayejibu anajitolea, ametoka kazini amechoka, na anachokutana nacho ni picha ya skrini iliyopigwa upande na maneno mawili, "haifanyi kazi". Swali kama hilo linastahili kukataliwa. Mwambie, "Bandika ujumbe wote wa hitilafu kwa maandishi, pamoja na mistari inayohusika, ndipo tusaidie." Huo ni ukali wa kutosha, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu iliyoanzishwa mwaka 2008 na Joel Spolsky na Jeff Atwood, imejengwa juu ya ukali wa aina hiyo: maswali yaliyokwisha kuulizwa hufungwa, mabaya hupigiwa kura za kuyashusha. Ukali huo umeifanya kuwa hazina kubwa. Lakini Aprili 2018 viongozi wake wenyewe waliandika hadharani kwamba wageni, wanawake na watu wengine wengi hawapokewi vizuri pale, na Agosti mwaka huohuo wakatoa kanuni mpya za mwenendo. Septemba, Linus Torvalds naye, mwanzilishi wa mfumo wa kompyuta wa Linux, aliomba radhi kwa maneno makali aliyokuwa akiwaandikia wenzake, akapumzika kwa muda. Linux haikuporomoka kwa sababu watu wameanza kusemeshana kwa adabu.

Wasimamizi wenzangu, kazi yetu huwa ngumu pale mwenye kejeli anapokuwa galacha. Anajua kuliko wote, na kila mtu anahofia kumpoteza. Mimi hufuta ujumbe wake, humwandikia faraghani kwa heshima, na akirudia humtoa. Nimewahi kumtoa mtu hodari kuliko sisi sote, na watu waliokuwa kimya muda mrefu wakaanza kujibu. Yakifika kwenye vitisho au kumwandama mtu mfululizo, hifadhi ushahidi: Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018, na unyanyasaji wa mtandaoni umo ndani yake.

Kuna jambo moja linalotaka haraka. Mwanagenzi akibandika msimbo wake pamoja na funguo za siri za Daraja, yaani nywila zinazoitambulisha programu yake, asichekwe. Mwambieni afute ujumbe na abadilishe funguo hizo sasa hivi.

Nawe unayeanza, ndugu yangu, eleza ulichotaka kitokee, kilichotokea, na ulichojaribu. Punguza programu hadi ibaki sehemu ndogo kabisa inayoonyesha kosa. Mara nyingi utaligundua mwenyewe ukiwa katika kupunguza. Ukitukanwa, usijibu tusi na usifute swali. Jibu lile neno la kitaalamu lililomo, kama lipo, kisha subiri. Ukihitaji watu wa ana kwa ana, Swahilipot Hub, kituo cha vijana hapa Mombasa, iko karibu na Fort Jesus, na huko utawakuta vijana wengine wanaojifunza. Ukishapata suluhisho, rudi uliandike chini ya swali lako mwenyewe, maana kesho kuna mwingine atakayeandika namba yake kwa 07.