Mtoto wa mkufunzi na mtoto wa saisi: jibu kwa dada mwenye binti anayetaka kuwa joki

Dada uliyefungua uzi, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema mko Bristol, Uingereza, binti ana miaka 15, Jumamosi zote anashindia kwenye banda la farasi wadogo, na sasa ameshikilia moja tu: anataka kuwa joki, yaani mpanda farasi wa mashindano, kwenye mbio za kuruka viunzi. Unauliza kama umwache ajaribu, maana kila joki unayesoma habari zake ni mtoto wa fulani au mpwa wa fulani. Wadau hapo juu wamekata maneno kwamba bila ukoo hatoboi. Nimefanya kazi ndani ya mabanda hayo miaka sita, kwa hiyo naomba niseme nilichokiona.

Baba yangu alikuwa saisi pale uwanja wa Ngong, Nairobi. Kwa wasiolijua neno, saisi ndiye anayemlisha farasi, anayemsugua, anayemtembeza, na akishikwa na tumbo usiku ndiye anayekesha naye. Kwa hiyo mimi pia ni wa ukoo wa farasi, ila upande wa beleshi. Mbio nilizokulia nazo ni za uwanja mtupu, farasi wanakimbia tu bila kuruka kitu. Viunzi nilivikuta Somerset, nilipokuja kufanya kazi ileile ya mzee nikiwa na miaka 23.

Mkufunzi aliyeniajiri, yaani bosi wa banda anayewaandaa farasi kwa mbio, alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 16. Huyo kijana alikuwa ameshaanguka mara nyingi kuliko mimi nilivyowahi kupanda. Siongezi chumvi. Alianza kukaa juu ya farasi kabla hajajua kusoma, akaingia mbio za watoto za poni, wale farasi wadogo, na kila asubuhi kabla ya shule alikuwa amepanda mmoja au wawili. Siku moja farasi alijikwaa mbele yangu kwenye kiunzi cha mazoezi, kijana akaachia hatamu zikateleza zote mpaka mwisho, akaegemea nyuma, farasi akanyoosha shingo akajiokoa mwenyewe. Mtu mzima aliyejifunza ukubwani angezivuta, na wangeanguka wote wawili. Nilimuuliza umefanyaje pale, akaniangalia kama nimemuuliza anapumuaje.

Hicho ndicho ukoo unachokupa, dada. Jina linasaidia, ndiyo, lakini kubwa zaidi ni yale masaa ya bure.

Mtazame joki Bryony Frost, maana yeye maisha yake yako hadharani. Baba yake, Jimmy Frost, alishinda Grand National, mbio za viunzi maarufu kuliko zote Uingereza, mwaka 1989 juu ya farasi Little Polveir. Kaka yake Hadden naye alishinda mwaka 2010 kwenye tamasha kubwa la viunzi la Cheltenham. Binti kakulia Devon kati ya farasi, kapitia mbio za poni, kisha zile mbio za wasiolipwa zinazoandaliwa mashambani. Machi 2017, akiwa bado ridhaa, akashinda mbio za Foxhunter, za majoki wa ridhaa, pale Cheltenham juu ya farasi Pacha du Polder. Farasi huyohuyo mwaka mmoja nyuma alipandwa na Victoria Pendleton, yule bingwa wa Olimpiki wa baiskeli, akamaliza wa tano. Julai 2017 Frost akaingia kazi ya kulipwa, na Desemba 26 akashinda mbio za daraja la juu kabisa pale Kempton na Black Corton. Ukisoma haraka utasema kapaa. Lakini alikuwa na miaka 22 na maisha yake yote yamepita juu ya tandiko. Na hata hapo alikuwa anapanda kwa mkufunzi Paul Nicholls, yaani ametoka nyumbani akaenda kuamka alfajiri kwa bosi mwingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wadau wengi hawalijui, nalo ndilo linaloamua maisha ya joki mchanga: nafuu ya uzito. Joki mwanafunzi wa viunzi Uingereza, mpaka afikishe ushindi 20, farasi wake anapunguziwa ratili 7, yaani kilo tatu na ushei. Kutoka 20 mpaka 40 ni ratili 5. Mpaka 75 ni ratili 3. Ukishapita 75 unabeba sawasawa na mabingwa. Kwenye mbio za hendikapu, ambako kila farasi ameshapangiwa mzigo kulingana na uwezo wake, ratili 7 kwa maili tatu za matope si mchezo. Ndiyo maana wakufunzi wanawatafuta vijana: ni kama bidhaa iliyopunguzwa bei. Simu inaita mpaka unajiona staa. Halafu unafika 75, na kuna wengi ambao simu zao zinanyamaza wiki hiyohiyo. Kwenye mbio kubwa kama ile ya Kempton nafuu haitumiki kabisa, kwa hiyo anayekupandisha pale anakuamini wewe, hanunui ratili.

Frost alivuka. Msimu wa 2018/19 alikuwa kinara wa majoki wanafunzi, na Machi 2019 akashinda mbio ziitwazo Ryanair Chase juu ya farasi Frodon, mwanamke wa kwanza kushinda mbio za viunzi za daraja la kwanza kwenye tamasha la Cheltenham.

Nirudi kwa kijana wetu. Kule bandani kulikuwa na ubao mweupe ukutani, karibu na chumba cha matandiko, unaoonyesha nani anapanda farasi gani. Kazi ya kuuandika ilikuwa yangu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kijana alikuwa na farasi mmoja mzuri, ameshinda naye mara mbili. Mara ya tatu akamkimbiza kwa nguvu zote mapema mno, viunzi vitatu kabla ya mwisho, farasi akaishiwa pumzi, wakapitwa mlangoni. Mwenye farasi akapiga simu jioni: wiki ijayo nataka mtu mzima. Asubuhi mkufunzi akaja, akasimama nyuma yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Futa jina lake." Akaingia nyumbani kwake kunywa chai, na aliyefutwa jina amekaa meza hiyohiyo anapaka siagi kwenye mkate. Mimi nimebaki na kitambaa mkononi. Kijana alipotoka akautazama ubao, akachukua farasi mwingine, hakusema kitu mpaka mchana.

Baba yangu aliwahi kunigombeza mara nyingi, lakini hakuwahi kunifuta.

Kwa hiyo wanaosema watoto wa ukoo wanatelezea ganda la ndizi, sikubali. Joki David Mullins, mjukuu wa mkufunzi Paddy Mullins aliyemfundisha farasi maarufu Dawn Run, alishinda Grand National 2016 akiwa na miaka 19, juu ya Rule The World, farasi ambaye hakuwa ameshinda hata mara moja kwenye viunzi vikubwa. Januari 2021, akiwa na miaka 24, akasema basi, akastaafu.

Kuhusu binti yako. Urefu usikutie hofu. Joki wa viunzi anabeba uzito kuanzia karibu kilo 64 pamoja na tandiko, si kama wale wadogo wa uwanja mtupu. Mbio za poni mlango wake unakaribia kufungwa kwa umri wake, kwa hiyo msilie nazo. Akifika 16 kuna chuo cha kazi za mbio za farasi Newmarket na kingine karibu na Doncaster, wanachukua vijana wasio na ukoo wowote na kuwapeleka mabandani kufanya kazi. Na kwa anayedhani hii ni dunia ya watu fulani tu: Khadijah Mellah alijifunza kwenye klabu ya watoto wa mjini, Ebony pale Brixton, na mwaka 2019 akashinda mbio za hisani Goodwood akiwa na hijabu. Hizo hazikuwa za viunzi, najua, msinirukie.

Ila akubali kwamba ana deni la miaka kumi ya masaa, na atalilipa kwa kupanda farasi ambao wengine wamewakataa. Mkitafuta banda, msikimbilie lenye jina kubwa. Tafuteni la farasi ishirini, thelathini, ambako mkufunzi hana mtoto anayepanda. Muulizeni moja kwa moja: mwaka jana mwanafunzi wako alipanda mara ngapi kwenye mbio? Akianza kuzunguka, asanteni, ondokeni.

Na siku ya kwanza abebe glavu pea mbili. Ya kwanza itakuwa imelowa kabla ya saa mbili asubuhi.