Kabla hujaandika barua ya kuacha chuo, chukua futi

"Dokta, shikamoo. Samahani kukusumbua, hivi wewe ungekuwa mimi ungebaki au ungeondoka?"

Swali hili huletwa na wahadhiri vijana wa sayansi, wengi wamerudi karibuni kutoka masomoni na shahada ya uzamivu, na kwenye simu wana tangazo la kazi la shirika fulani la utafiti lenye mshahara mara mbili ya wanaoupata. Naitikia marahaba, kisha namrudishia swali: wewe hapa unashikwa na nini? Nimefanya kazi kwenye maabara za chuo cha umma hapa Tanzania muda wa kutosha kuona walioondoka wakanenepa, walioondoka wakarudi kuomba vipindi vya muda, na waliobaki huku roho ilishahama zamani. Asiyejua kinachomshika ataamua kwa hasira ya wiki hiyo tu.

Watafiti wawili wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, waliandika mwaka 1991 kwamba mtu hufungamana na mwajiri wake kwa njia tatu. Kuna anayebaki kwa sababu anapapenda mahali pale. Kuna anayebaki kwa sababu kuondoka kutamtia hasara. Na kuna anayebaki kwa sababu anaona ana deni: chuo kilimsomesha, Profesa fulani alimshika mkono tangu mwaka wa kwanza, akiondoka ataonekana hana fadhila. Kwenye orodha ya mishahara wote watatu wako sawa. Kazini hawako sawa hata kidogo. Wa kwanza utamkuta maabara Jumamosi anaangalia sampuli zake na hakuna posho yoyote. Wa pili anapiga hesabu ya michango yake PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ada za watoto, na msingi wa nyumba aliokwisha kuumwaga. Wa tatu anakubali kila anachotumwa na Mkuu wa Idara, na kila akikubali anaongeza kinyongo kidogo.

Sioni aibu kwenye sababu ya pili na ya tatu. Nyumba ni nyumba. Ila ni vizuri ujue unasimama wapi, maana ushauri wa kumpa mtu anayebaki kwa kuogopa hasara na wa kumpa anayebaki kwa mapenzi haufanani.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wanasayansi kuliko wafanyakazi wengine. Mwaka 1957 Alvin Gouldner, mwanasosholojia wa Marekani, aliwagawa watu wa vyuoni makundi mawili: wale ambao moyo wao uko kwenye taasisi, na wale ambao moyo wao uko kwenye taaluma, popote itakapowapeleka. Mtafiti wa malaria aliyeko Dar es Salaam anaweza kuwa karibu zaidi na mtafiti mwenzake wa Ifakara, wa Kilifi kule Kenya au wa Basel kule Uswisi kuliko na jirani yake wa ofisi ya pili. Akisema "naipenda kazi yangu" anasema kweli, lakini chuo hakijatajwa hapo. Jipime hivi: ukipewa sampuli zilezile, wanafunzi walewale na mashine zilezile kwenye chuo kingine, utahama kesho? Kama jibu ni ndiyo, unaipenda sayansi yako, na idara yako imekuwa kituo cha kushukia tu.

Wazee wetu walilipitia hili kwa ukali zaidi. Uchumi ulipobana miaka ya 1980, wahadhiri wengi wa Tanzania walikwenda Botswana, Lesotho na kwingine kusini. Waliobaki, wengi walifuga kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba za chuo ili mwezi ufike. Hata leo ukikaa nao wakisimulia, anayelalamika mshahara wa wakati ule ni nadra. Utasikia habari za vikao, nani alimnyima nani nafasi ya kwenda kusoma, nani alizungukwa kwenye kupandishwa cheo. Njaa imesahaulika, dharau haijasahaulika.

Ndiyo maana nasema mazingira ya kazi ya mwanasayansi hutengenezwa idarani. Makamu Mkuu wa Chuo utamwona kwenye mahafali. Siku yako inatengenezwa au kuharibiwa na Mkuu wa Idara, fundi sanifu wa maabara, mhasibu wa mradi, na yule mwenzako mnayegombea mashine moja. Chuo kikifanya utafiti wa kuuliza wafanyakazi wanaonaje mazingira yao halafu kikatoa wastani wa chuo kizima, idara yenye moto na idara yenye amani zinamwagwa kwenye sufuria moja. Tena dodoso likiuliza jinsia, umri, cheo na idara, kwenye idara yenye mwanamke mmoja tu mwenye cheo cha mhadhiri mwandamizi, usiri umekwisha. Naye anajua. Atajaza "naridhika" ukurasa mzima na kwenda kunywa chai. Ukiwa wewe ndiye unayetengeneza dodoso, ondoa swali la cheo au la umri, utapata majibu ya kweli zaidi.

Sasa nije kwenye futi.

Nancy Hopkins alikuwa profesa wa biolojia ya molekuli pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza utafiti wa samaki wadogo aina ya pundamilia, akahitaji nafasi zaidi ya kuweka matangi, kiasi cha futi za mraba 200. Akanyimwa. Akaambiwa anayo nafasi sawa na wengine. Mama yule hakuishia hapo. Alichukua futi ya kupimia, akaanza kupima maabara za jengo lile, moja baada ya nyingine. Yeye, profesa kamili, alikuwa na futi za mraba 1,500 hivi. Wanaume wa cheo chake walikuwa na karibu 3,000, na hata vijana wa kiume walioanza kazi juzi walikuwa na karibu 2,000.

Aliandika barua ya malalamiko, akamwonyesha kwanza mwenzake, Mary-Lou Pardue. Aliogopa ataonekana mlalamishi. Pardue alisoma, akasema na yeye anataka kutia sahihi. Wakawatafuta wengine. Mwaka 1994 kitivo chao cha sayansi kilikuwa na wanawake 15 tu wenye ajira ya kudumu dhidi ya wanaume karibu 200, kwa hiyo haikuwa kazi kuwafikia wote. Mkuu wa kitivo, Robert Birgeneau, aliunda kamati, na taarifa yake ikatolewa hadharani mwaka 1999. Rais wa MIT wakati huo, Charles Vest, aliandika kwenye utangulizi kwamba siku zote aliamini ubaguzi wa kijinsia vyuoni ni sehemu ukweli na sehemu hisia, na sasa ameelewa kwamba ukweli ndio sehemu kubwa zaidi kwa mbali.

Kwenye taarifa ile kuna jambo ninalolirudia kwa kila kijana anayekuja ofisini kwangu. Wanawake vijana wa MIT walisema hawana tatizo: wanaungwa mkono, mambo ni mazuri. Waliojiona wamewekwa pembeni ni wale wakubwa. Na wakubwa wale, walipokuwa vijana, nao walidhani mambo ni mazuri. Yaani unyimwaji wenyewe ulikuwa mdogomdogo kiasi kwamba ulihitaji miaka kuonekana. Kwa hiyo ukiwa mgeni idarani usijipime wewe. Tafuta aliyekutangulia miaka kumi au kumi na tano, hasa anayefanana na wewe kwa jinsia au kwa aina ya utafiti, umuulize taratibu amepata nini na amekosa nini.

Kwetu huku cha kupima si futi za mraba peke yake. Idara moja ninayoifahamu ina friza moja ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Ukiifungua, rafu nne kati ya tano zina utepe wenye jina la mradi uliokwisha zamani. Mabarafu yameshikana, maboksi hayajaguswa, wino umefifia. Wahadhiri vijana wanahifadhi plazima zao, yale majimaji ya damu, idara ya jirani na kuomba ufunguo kila asubuhi. Umeme ukikatika usiku, jenereta ikiwashwa, anayepigiwa simu ni mwenye mradi uliokufa, kwa sababu jina lake ndilo liko mlangoni. Muulize yeyote pale, atakwambia wanaishi vizuri, wanachangiana misiba na harusi. Ni kweli wanachangiana. Lakini rafu ni nne kwa moja.

Salamu nzuri zisikudanganye, na sura ya kununa isikutishe. Angalia nani anapata nini. Mashine: kitabu cha kusaini kipo, soma majina ya mwezi mzima uone nani anapata asubuhi na nani anaachiwa saa kumi na moja jioni. Vipindi: ratiba imebandikwa ukutani, hesabu nani anafundisha kozi za mwaka wa kwanza zenye wanafunzi mia nne na nani ana kozi ya watu kumi na wawili. Taarifa: tangazo la ruzuku, la COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) au la nje, lilifika kwa Mkuu wa Idara lini, na wewe ulitumiwa lini? Hili la taarifa huwa naliangalia kwa jicho la pekee. Barua pepe inayokufikia siku mbili kabla ya mwisho wa kutuma maombi haikukusudia uombe.

Halafu kuna zile kazi ambazo hazina jina. Nani anaratibu mafunzo kwa vitendo, nani yuko dawati la jinsia, nani anaandika mihtasari ya vikao, nani anapanga sherehe ya kumuaga mstaafu? Kina dada wa sayansi wananielewa hapa. Ni kazi za lazima na mtu azifanye, lakini siku faili lako la kupanda cheo linapofunguliwa, machapisho ndiyo yanayohesabiwa kwanza. Ukipewa kazi hizo, hakikisha zinaingia kwenye malengo yako ya PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, na zina mwisho: miaka miwili, kisha anapokea mwingine. Usizikatae kwa maneno makali. Omba tarehe ya kukabidhi.

Na zungumza na mafundi sanifu wa maabara. Wao ndio wanaojua nani hurudisha vyombo vikiwa vichafu, nani huchukua vitendanishi (kemikali za majaribio) vya mwenzake bila kuaga, nani huwaandika majina kwenye shukrani za makala na nani huwasahau kabisa. Idara inayowadharau mafundi wake itakudharau na wewe, ni suala la zamu tu.

Ukishapima, tenganisha maumivu yako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ya nchi nzima. Ununuzi unapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao ulioanza mwaka 2023 badala ya ule wa TANePS, na kama kitendanishi chako hakina msambazaji aliyesajiliwa utasubiri, uwe chuo hiki au kile. Kuhama chuo cha umma kwenda chuo kingine cha umma kwa sababu ya manunuzi ni kusumbua mizigo bure. Hata mishahara, kilio kile kimevuka mpaka. Wenzetu wa Kenya kupitia UASU, chama chao cha wahadhiri, wamegoma zaidi ya mara moja, 2017, 2018 na 2025. Fungu la pili ni ya idara yako: friza, mashine, vipindi, barua pepe zinazochelewa. Haya yanaweza kubadilika ukiyasema vizuri, na yasipobadilika, uhamisho au kuondoka kuna maana.

Namna ya kuyasema ndiyo hii niliyoona ikifanya kazi. Usiende peke yako kama unaweza kumpata hata mmoja wa kutia sahihi nawe. Usianze na "nabaguliwa", hata kama ni kweli, maana kikao kizima kitageuka kujadili tabia yako. Peleka karatasi moja yenye hesabu: mwezi uliopita mashine ilitumika saa kadhaa, mgawanyo ni huu. Omba kitu kimoja tu chenye tarehe. "Mkuu, tunaomba ratiba ya mashine iwe wazi ukutani kuanzia mwezi ujao" ni ombi ambalo Mkuu wa Idara mwenye akili hawezi kulikataa mbele ya watu, na asiye na akili atakuwa amejionyesha.

Ukiwa wewe ndiye mkuu, mengi ya haya hayagharimu hata shilingi. Tuma tangazo la ruzuku kwa wote siku unayolipata. Bandika mgawo wa vipindi na kamati. Friza isafishwe kila mwaka, na mwenye rafu aeleze kwa nini bado anaihitaji.

Na kama umepima, umesema, umesubiri, na jibu ni kimya, ondoka bila kujiona msaliti. Soma kwanza mkataba wako wa masomo uone miaka ya kutumikia iliyobaki na unadaiwa nini, kaa na watu wa utumishi mjue hatima ya michango yako, usitegemee maneno ya korido. Wanafunzi wako wa uzamili wakabidhi kwa jina kwa msimamizi aliyekubali kwa maandishi, usiwaachie "idara". Data zao wapewe nakala. Sampuli zako zihakiki, zisizo na kazi ziteketezwe kwa utaratibu, rafu uiache tupu na ufute jina lako mlangoni.